Marehemu Aliyekutwa Akioga

Ijumaa ya tarehe 16 Mei 1986, Wamarekani waliokuwa wakitazama tamthilia ya Dallas walimwona Pam Ewing akiamka asubuhi na kusikia maji yakimwagika bafuni. Alipofungua mlango, mwanamume aliyekuwa amempa mgongo akijipaka sabuni aligeuka na kumtakia asubuhi njema. Alikuwa Bobby Ewing. Bobby huyo alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, kitandani hospitalini, mama yake na ndugu zake wakiwa wamemzunguka, na msimu mzima uliofuata ulikuwa wa watu kujifunza kuishi bila yeye. Watazamaji wakaachwa na kitendawili hicho hadi Septemba, walipopewa jibu: kifo, mazishi, machozi na hata ndoa mpya ya Pam vilikuwa ndoto aliyoiota usiku mmoja. Sehemu 31 zilizorushwa wiki baada ya wiki zikafutwa kwa maneno machache yaliyosemwa na mtu aliyejifunga taulo.

Kila tamthilia ya familia inapochuja, maelezo tunayopeana ni yale yale: waandishi wameishiwa. Wamemaliza visa, sasa wanavuta tu siku ziende. Maelezo hayo yana ukweli wake lakini hayatoshi, na Dallas inaonyesha kwa nini. Msimu ule uliofutwa haukuwa na njaa ya visa. Ulikuwa na mgodi wa zumaridi nchini Colombia, kampuni ya meli ya Kigiriki, mwanamke wa kimataifa aliyefika na hila zake, na mwanamume aliyedhaniwa amekufa kwenye ajali ya ndege akirudi salama. Visa vilikuwa tele. Kilichokosekana kilikuwa deni. Hadithi ya familia inaendeshwa na mambo ambayo watu wamefanyiana na hawajalipana, na mwandishi wake anafanya kazi kama mwenye duka la mtaani na daftari lake la mikopo: mali halisi imo katika majina yaliyoandikwa zamani ambayo bado hayajakatwa. Kuandika jina jipya ni rahisi, hata mwandishi chipukizi ataweza. Kufuta majina ndiko kunakofilisi, kwa sababu mtazamaji akishajua kwamba chochote kinaweza kufutwa, hana tena sababu ya kukumbuka.

Turudi mwanzo, ili tuone daftari hilo lilivyokuwa limejaa. Dallas ilianza tarehe 2 Aprili 1978 kwenye kituo cha CBS kwa sehemu tano tu za kupima upepo. Aliyeibuni, David Jacobs, aliiweka juu ya ugomvi ambao yeyote aliyekulia kwenye ukoo wenye kesi ya shamba angeuelewa mara moja. Jock Ewing na Digger Barnes walitafuta mafuta pamoja huko Texas enzi za ujana wao. Jock akatajirika. Digger akaishia kwenye chupa, akilalamika kwamba mwenzake alimdhulumu visima na tena akamchukulia Ellie, mwanamke aliyempenda. Miongo kadhaa baadaye Bobby, kitinda mimba wa Jock, anamleta nyumbani mke aliyemuoa kimyakimya, na mke huyo, Pam, ni binti wa Digger. Kabla hata ya mtu kufungua mdomo, kila aliyekaa kwenye meza ya chakula ya Southfork, ranchi ya akina Ewing, anamdai mwenzake kitu. J.R., kaka mkubwa ambaye baadaye alikuja kuwa uso wa tamthilia nzima, hakukusudiwa kuwa mhusika mkuu. Alikua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikopa kuliko wote bila nia ya kulipa.

Ndiyo maana ile risasi ya Machi 1980 ilifanya kazi. Kwa jinsi ilivyozuka, ilikuwa kisa cha dharura: CBS ilitaka sehemu za ziada baada ya hadithi ya msimu kukaribia kukamilika, na watayarishaji wakahitaji kitu cha kumwacha mtazamaji roho juu. Wakaamua J.R. apigwe risasi ofisini usiku, na mpigaji asionekane. Mtu akiusikia uamuzi huo leo atasema ni mbinu ya bei rahisi, na kwenye tamthilia nyingine ingekuwa hivyo kweli. Tazama, hata hivyo, orodha ya washukiwa. Sue Ellen, mkewe, alikuwa akitishiwa kupelekwa kwenye hospitali ya walevi. Cliff Barnes, mwana wa Digger, alikuwa ametoka kugundua kwamba familia yake ina haki ya nusu ya mafuta ya kisima kimoja cha Ewing, na J.R. akakifunga kisima hicho ili kusiwe na cha kugawana. Kulikuwa na mwenye benki aliyeuziwa na J.R. hisa za visima vya Asia muda mfupi kabla serikali ya huko haijavitaifisha. Kulikuwa na wakili aliyesingiziwa kesi ya ubakaji. Na kulikuwa na Kristin, mdogo wa Sue Ellen na hawara wa J.R., aliyekuwa akifukuzwa mjini kwa vitisho vya kushtakiwa ukahaba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebuniwa kwa ajili ya risasi ile. Mtazamaji alikuwa ameshuhudia kila dhuluma kwa macho yake katika wiki zilizotangulia, na swali la nani amefyatua likawa swali la nani ameumizwa zaidi. Kila nyumba ilikuwa na jibu lake. Jibu la waandishi lilipotolewa tarehe 21 Novemba 1980, baada ya kucheleweshwa na mgomo wa waigizaji, watu wanaokadiriwa kufika milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni Marekani peke yake.

Mfano wa pili ni mdogo kwa kelele, na kwangu mimi una uzito zaidi. Jim Davis, aliyeigiza Jock, alifariki dunia Aprili 1981. Waandishi hawakuharakisha. Kwa muda walimweka Jock safarini Amerika ya Kusini akifuatilia mafuta, familia ikipokea habari zake kwa mbali, kisha wakaiangusha helikopta yake na mwili usipatikane. Kukosekana kwa mwili kungeweza kuwa mlango wa uani wa kumrudishia Jock mwenye sura nyingine, na katika aina hii ya tamthilia mlango kama huo karibu kila mara hutumika. Walichofanya ni kuutumia ukosefu huo wa mwili dhidi ya Miss Ellie, mjane, ambaye sasa hana kaburi la kumlazimisha aamini. Kwa wiki nyingi anaendelea kumzungumzia mumewe kama mtu aliye hai. Siku anapokubali, anaanza kuvunja sahani jikoni, akimlaumu marehemu kwa kumwacha. Barbara Bel Geddes aliigiza hasira badala ya huzuni, na tukio zima linasimama kwa sababu mtazamaji anaijua ndoa ile, anajua ilijengwa juu ya kumkataa Digger, anajua Jock alivyokuwa mgumu na Ellie alivyomvumilia. Hakuna muziki wala kilio ambacho kingeweza kuchukua nafasi ya miaka minne ya kumbukumbu.

Sasa linganisha na msimu wa 1985–86. Patrick Duffy, aliyeigiza Bobby, alikuwa ameomba kuondoka, na Leonard Katzman, aliyekuwa mhimili wa uandishi na utayarishaji tangu mwanzo, naye akawa ameenda kufanya kazi nyingine. Kuondoka kwa Bobby kwenyewe kuliandikwa vizuri. Alikufa akimsukuma Pam kumwepusha na gari lililoendeshwa na dada yake Pam kwa mama, mwanamke aliyempenda Bobby na kumchukia Pam kwa misimu kadhaa, kwa hiyo hata hapo ni hesabu ya zamani iliyokuja kudaiwa. Ila baada ya mazishi, uongozi mpya ulitazama pengo na kuamua kulijaza kwa vitu. Badala ya kuuliza kifo cha kijana mwema kinafanya nini ndani ya nyumba ambamo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiwapatanisha wengine, ulipeleka hadithi Colombia na Ugiriki. Mwanamume aliyerudi kutoka kwa wafu, Mark Graison, alikuwa mchumba wa zamani wa Pam, na kifo chake nacho kilikuwa kimeshaliliwa skrini ile ile. Kwa maneno mengine ufutaji ulianza kabla ya bafu. Yule mtu wa taulo alimalizia tu.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaoicheka ndoto ile hulisahau. Ndani ya msimu huo uliofutwa mlikuwa na kazi moja bora kabisa. Sue Ellen, aliyekuwa akinywa tangu mwanzo wa tamthilia kwa namna ya kitajiri, ya glasi za kioo na kanzu za hariri, safari hii anaanguka hadi chini. Anapotea mitaani, anachanganyika na walevi wasio na makazi, anaishia kwenye wodi ya wagonjwa wa pombe, na anaanza kupanda polepole. Linda Gray aliigiza sehemu hizo akiwa hana vipodozi wala heshima ya kuficha uso. Huu ulikuwa ukurasa wa zamani ukisomwa kwa sauti: miaka saba ya ulevi uliochekewa sasa ikidai malipo yake. Septemba ilipofika ukafutwa pamoja na mgodi wa zumaridi na meli za Wagiriki, kwa kuwa ndoto haichagui. Mhusika akarudishwa pale alipokuwa kabla, na mtazamaji aliyekuwa ameteseka naye akaambiwa hakuna kilichotokea. Kama mtu anataka kupima hasara ya uandishi mbovu, asipime kwa jinsi Bobby alivyorudi. Apime kwa Sue Ellen.

Kilichofuata kinathibitisha kwamba daftari likishafutwa mara moja, mkono huzoea. Katika msimu ule ule uliofuata ndoto, akatokea mwanamume mzee aliyejiita Wes Parmalee na kudai kwamba yeye ni Jock Ewing, aliyenusurika kwenye helikopta na kubadilika sura kwa majeraha na upasuaji. Mwishowe akaonekana si yeye, na kuna wanaokitetea kisa hicho kwamba kilikuwa na mvuto wake. Ila kiliwezekana kuandikwa kwa sababu waandishi walikuwa wameshafundisha watazamaji kwamba makaburi ya Texas hayana mfuniko. Zile sahani za Miss Ellie zikawekwa rehani kwa ajili ya wiki kadhaa za minong'ono. Dallas haikuwa peke yake katika hili. Mshindani wake Dynasty, iliyomaliza msimu wa 1984–85 ikiwa ya kwanza kwa watazamaji Marekani, ilifunga msimu huo kwa harusi ya kifalme katika nchi ya kubuni iitwayo Moldavia, ambako wapiganaji walivamia kanisa na kumimina risasi mpaka karibu kila mhusika akalala chini. Watu walisubiri miezi yote ya kiangazi. Waliporudi wakakuta waliokufa ni wahusika wawili wa pembeni, na wengine wanajikung'uta vumbi. Msimu uliofuata ikaporomoka kutoka nafasi ya kwanza, na haikuipata tena.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni ya kibiashara, na ina nguvu. Mwandishi wa televisheni si mtunzi wa riwaya, anaandika kwa waigizaji wenye mikataba, wanaougua, wanaofariki, wanaodai nyongeza ya mshahara, wanaochoka. Duffy akitaka kutoka, atatoka. Kituo kikitaka arudi, atarudi. Mwandishi anapewa kazi ya kueleza tu. Nakubali kwamba mwandishi hakuchagua tatizo. Jibu lake lakini alilichagua, na ushahidi uko mlango wa pili. Mwaka 1979 David Jacobs yule yule, kwa kampuni ile ile ya Lorimar na kituo kile kile cha CBS, alianzisha tamthilia nyingine iitwayo Knots Landing, kuhusu Gary, ndugu wa kati wa J.R. na Bobby, aliyehamia California. Familia ni moja, kwa hiyo Bobby alipokufa Dallas, Gary alimlilia California. Ndoto ya Pam ilipotangazwa, waandishi wa Knots Landing walikabiliwa na swali la ajabu: mhusika wao ameomboleza kitu ambacho rasmi hakikutokea. Walikataa kufuta. Kwao Bobby alibaki marehemu, na wakakata uhusiano na tamthilia mama kuliko kuwaambia watazamaji wao kwamba machozi ya Gary yalikuwa bure. Masharti ya biashara yalikuwa yale yale kwa nyumba zote mbili, na majibu yakatofautiana.

Kuna mfano mwingine unaoonyesha kwamba mikataba haivunji tamthilia kwa lazima. Mwaka 1984 Barbara Bel Geddes aliondoka, na Miss Ellie akaigizwa msimu mmoja na Donna Reed, sura tofauti kabisa, sauti tofauti, bila maelezo yoyote. Watazamaji hawakumpenda, na Bel Geddes aliporudi mwaka uliofuata Reed alikwenda mahakamani na mwishowe akalipwa fidia. Ilikuwa aibu kwa watayarishaji. Lakini haikuiua Dallas, kwa sababu Miss Ellie mwenye sura mpya bado alikuwa mjane wa Jock na mama wa J.R., na kila mtu aliendelea kumdai na kumlipa kama kawaida. Mtazamaji ana uwezo mkubwa wa kusamehe uso. Asichosamehe ni kuambiwa kwamba alichokiona hakikuwepo.

Hoja ya pili inasema ninachukulia mambo kwa uzito usiostahili. Hii ni burudani ya Ijumaa usiku, watu wanataka magauni, majumba na fitina, nani anadai uhalisia? Sidai uhalisia. Dallas katika ubora wake haikuwa na uhalisia hata chembe. Familia tajiri kiasi kile, watoto wazima na wake zao wote wakiishi kwa mama na kukutana kila asubuhi kwenye kifungua kinywa, ni jambo la kubuni tupu, na wala halikumsumbua mtu. Kilichodaiwa ni kitu kingine: tamthilia itii sheria zake yenyewe. Mtazamaji anayekubali kwamba J.R. anaweza kuiba kisima cha mafuta kwa simu moja anakubali kwa sharti kwamba kesho aliyeibiwa atakumbuka. Burudani yenyewe imo humo. Fitina isiyokumbukwa haina utamu. Inabaki watu waliovaa vizuri wakigombana.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na wanaoitoa wana takwimu mkononi. Wanasema: Dallas ilikuwa ya kwanza misimu ya 1980–81, 1981–82 na 1983–84, kisha ikaanza kushuka, na iliendelea kushuka wakati wa msimu ule wa Bobby kuwa marehemu, kabla ya mtu yeyote kusikia habari za ndoto. Basi ndoto haikuwa ugonjwa, ilikuwa dawa. Tena dawa iliyofanya kazi: vuli ya 1986 kituo cha NBC kiliihamisha Miami Vice, tamthilia ya polisi iliyokuwa inawika, ikapangwa saa ile ile ya Dallas siku ya Ijumaa, na Dallas yenye Bobby aliyefufuka ikaishinda. Yote haya ni kweli. Ningeongeza kwamba wakati huo ladha za watu zilikuwa zinabadilika, vichekesho vya familia kama The Cosby Show vilikuwa vimechukua usukani, na hakuna mtindo wa televisheni unaotamba milele.

Lakini tuangalie dawa ile ilitibu nini. Ilimrudisha mwigizaji aliyependwa, na watu walirudi kumtazama yeye, kama ambavyo wangerudi kwa njia yoyote ile. Haikuwarudishia imani. Dallas haikuingia tena kwenye tamthilia kumi za mwanzo baada ya hapo, na kila msimu ulikuwa chini ya uliotangulia hadi ilipozimwa Mei 1991 ikiwa na sehemu 357. Bila shaka ushindani na umri vilichangia. Nisichokikubali ni kwamba vilitosha. Tamthilia inayozeeka kwa heshima hupoteza watazamaji wanaochoka na hubaki na wale wanaojali. Dallas ilikuwa imewaambia hasa wale wanaojali, wale waliohesabu, waliokumbuka, waliomlilia Bobby, kwamba wao ndio wajinga wa mchezo. Anayetazama huku anapiga pasi hakuumizwa na ndoto. Aliyeumizwa ni yule mwaminifu, na huyo ndiye humvuta jirani.

Kwa nini basi mambo haya hutokea tena na tena, hata mahali penye waandishi hodari? Sababu kubwa imo katika namna kazi inavyolipwa. Televisheni ya Marekani ya miaka ile ilipima watazamaji kwa kina zaidi katika miezi maalumu, hasa Novemba, Februari na Mei, na vipimo hivyo ndivyo vilivyotumiwa na vituo kupanga bei ya matangazo. Ukichunguza utaona harusi, ajali na mauaji yote yamesongamana katika miezi hiyo. Mwandishi aliyeleta kisa cha kishindo mwezi Mei ameonekana kuwa hodari. Matokeo ya kisa hicho yatashughulikiwa Septemba, pengine na mwandishi mwingine. Tukio linalipwa papo hapo, lakini kumbukumbu haina mlipaji. Ongeza mahitaji ya sehemu karibu 30 kwa mwaka, zinazoandikwa na watu kadhaa kwa zamu chini ya msimamizi mmoja anayetakiwa kuibeba hadithi yote kichwani, kisha msimamizi huyo aondoke kama Katzman alivyoondoka. Wanaobaki wanajua kilichoandikwa kwenye karatasi, hawajui kwa nini kiliandikwa.

Kuna pia suala la mwisho. Tamthilia za Amerika ya Kusini, ambazo watazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura wamezizoea miaka mingi, na hata za Kituruki zinazotiwa sauti ya Kiswahili, zina hila zote za kufa na kufufuka, pacha aliyefichwa, mtoto aliyebadilishwa hospitalini, mtu aliyepoteza fahamu asijijue. Kwa kawaida lakini telenovela huanza ikijua kwamba itafungwa, mara nyingi ndani ya mwaka, na kwa hiyo pacha aliyefichwa ni deni lililokopwa kwa makusudi ili lilipwe wiki ya mwisho. Mtazamaji anavumilia mengi kwa kuwa siku ya malipo inajulikana. Tamthilia ya Kimarekani ya enzi ya Dallas haikuwa na siku hiyo. Ilikuwa iendelee maadamu inauzika, na chombo kisicho na mwisho kina kishawishi cha daima cha kuahirisha, na baada ya kuahirisha sana, kufuta. Watayarishaji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaorusha tamthilia zao kila siku bila kutangaza mwisho wamerithi kishawishi hicho, wakati wamejifunza mbinu zao kwa wale wenye mwisho. Mchanganyiko huo ni wa hatari, na malalamiko tunayoyasikia vibarazani yanatoka humo zaidi kuliko katika upungufu wa vipaji.

Urefu wenyewe, hata hivyo, si kosa. Coronation Street ya Uingereza ilianza Desemba 1960 na bado inarushwa, na mwigizaji William Roache, aliyekuwepo kwenye sehemu ya kwanza kabisa akiwa Ken Barlow, amezeeka humo humo na mhusika wake. Kwa miaka mingi tamthilia hiyo iliajiri mtunza kumbukumbu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani alimuoa nani, nani alizikwa lini, na nani hazungumzi na nani kwa sababu gani, ili mwandishi mgeni asifute kwa kutojua. Mshahara wa mtu mmoja. Nayo Knots Landing, ambayo haikukosa visa vyake vya hovyo, ilipofika msimu wa 1991–92 ikaanza kupotea njia chini ya waandishi wapya, wakapelekwa wahusika kwenye mambo ambayo hakuna aliyewatambua humo. Watayarishaji walisimamisha upigaji picha kwa muda, hasara na yote, wakabadilisha uongozi wa uandishi na kuzitupa hadithi mpya ili kuwarudia watu wa mtaa ule na ugomvi wao wa zamani. Wakaendelea hadi Mei 1993, miaka miwili baada ya Dallas kuzimwa.